Chuma ya Randa na Bidon ya Kasiksi

Ndosho, tarehe 6 ya mwezi wa tatu, 2024

Chini ya kuku, muramu! Ilikuwa chini ya kuku!

Natafuta ile randa ya Ntirenganya tangu tumuzike, miaka mbili sasa. Nimepindua sanduku, nimepindua kitanda, nimeshitaki moyoni watu wenye hawana kosa. Hata Muzee Sebahire wa hapa jirani nilimuangaliaka vibaya kanisani juu ya ile randa. Kumbe kuku yangu ya shingo tupu ameikalia! Ameweka mayai tano na randa katikati, anaatamia yote. Nikaingiza mukono kuchukua mayai, nikashika kitu yenye kona. Nikasema, Yesu wangu, hii yai ina kona! Nikacheka mupaka magoti ikakataa kuniinua. Na kuku akanikasirikia. Yeye alifikiri itatotoa.

Bon, Shakila ananikatiza. Anasema barua inaanza na salamu, haianze na kuku. Shakila ndiye anaandika, ule mwenye kibanda ya fotokopi hapa barabarani. Bwana yake ni Rachid wa boti ya mananasi, ndiye atakuletea hii. Nimemwambia aandike yote vile inatoka mudomoni, asitengeneze, juu mimi sikusoma na sitaki barua yangu ijifanye imesoma. Salamu basi, Havugimana, mudogo wa bwana yangu, yaya wako Ntirenganya. Uko muzima? Kifua je? Mananasi inazaa? Binti yako Uwamariya alishajifungua ao angali anatisha watu na ile tumbo? Huku tuko. Niyigena, mutoto wangu wa kwanza, ameniletea wajukuu mapacha, wanalia kwa zamu kama askari wa lindo. Makala usiulize bei. Na magoti yangu sasa inajua mvua mbele ya radio.

Simu sikupige. Simu tulijaribu, unakumbuka? Siku ya kilio. Nilisema, "Havugimana, yaya wako..." unité ya simu ikaisha. Sijui ile ingine uliisikia wapi. Hukukuja. Sikuuliza, na leo pia siulize.

Tuseme randa. Mwili iko, ya ule muti mugumu, ile baba yenu alipewaka na frère wa misioni kule Rutshuru. Pembe ya mbele, pa kushikia, iko nusu, nusu ingine panya ndiye anajua. Kinywa imejaa mavi ya kuku. Shakila anakataa kuandika mavi. Shakila, andika. Lakini tumbo tupu! Chuma ya kukata hakuna. Kabari ya kukaza chuma hakuna. Randa bila chuma na bila kabari ni nini? Ni kiti ya kuku.

Na mulango yangu unaijua, Ntirenganya alinitengenezea tukioana, na hii randa hii. Mwaka wa 2002, mulima iliposhuka na moto mupaka katikati ya mji, tulikuwa na chukudu moja, ile ya mbao ya kusukuma, nafasi ya kitu moja kubwa. Kulikuwa meza ya kazi ya baba yenu, na kulikuwa mulango yangu. Mulango ikapanda. Meza ikabaki, moto ikakula. Weye na yaya wako mukatukanana barabarani, na watu wenye walikuwa wanakimbia wakasimama kusikiliza! Moto iko nyuma yao, na wanasikiliza! Kiisha mutu moja, simutaje, akaondoa chuma na kabari ndani ya randa, akatia mufukoni, akasema: "Beba mulango yako. Tutaona utaikwangua na nini." Ule mutu alivaa botte za mvua, za kijani. Akapanda boti, akaenda Idjwi, akaapa hatarudi chini ya mulima yenye moto tumboni.

Mulango tukaileta hapa Ndosho. Ilikuwa imevimba na joto na mvua, haikuingia vizuri mupaka leo. Ntirenganya alikuwa na randa zingine tatu za kazi. Nilimwambia, papa, kwangua tu! Akasema, "Ile mulango ina randa yake." Miaka vingt-deux! Miaka makumi mbili na mbili nafungaka nyumba na kiuno na jiwe, na kuku wanaingia kama wako na funguo. Niko na soixante-quatorze, makumi saba na ine, muramu. Mbele nikufe, nataka nifunge mulango yangu na mukono moja, isikike tak! Ni hiyo tu.

Basi, angalia katika mifuko yako. Hata ya koti za zamani.

Ni mimi Mukagasana, bibi ya yaya wako.


Idjwi, 2 Aprili 2024

Muramukazi,

Salamu. Mwili muzima, kifua hapana. Uwamariya amezaa mutoto mwanaume, kilo nne. Mananasi inazaa.

Barua nimeipokea. Ilinuka kuku.

Kuhusu chuma: chuma gani? Sina habari ya chuma.

Lakini kinywa ya randa, kona ya kushoto, imepasuka ao iko salama? Upande wa kuume kuna alama mbili za kisu, ndefu na fupi. Ziko? Baba alikataka alama kila mutoto siku ya kupiga randa mara ya kwanza. Ndefu ni ya yaya. Na chini, wadudu wameingia? Usiweke karibu na moto. Usianike kwa jua. Usioshe na maji. Usipake kitu yoyote mbele ya kuuliza mutu mwenye kujua.

Nauliza tu.

Kama unafikiri kuna chuma huku, panda boti uje utafute. Mimi Goma sifike. Hapa udongo inalala, na mimi nalala nayo.

Havugimana


Ndosho, tarehe 20 ya mwezi wa ine, 2024

Kilo nne! Muramu, huyo si mutoto, huyo ni gunia! Pongezi kwa Uwamariya, na mugongo wake pole. Nimeimba hapa katika kibanda ya Shakila mupaka mutu mwenye alikuja kufotokopia karte yake akasahau karte, akaanza kupiga makofi. Tunamuita nani? Usiruhusu wamupe jina refu, atachelewa shuleni akijiandika.

Sasa: "chuma gani." Shakila aliponisomea, nilimwambia rudilia. Akarudilia. Nikamwambia rudilia tena, nicheke vizuri. Mutu mwenye hajui chuma anauliza kona ya kushoto? Mutu mwenye hajui chuma anajua wadudu, anajua jua, anajua maji? Havugimana, weye uko kama mutoto mwenye sukari kwa mashavu anauliza, "sukari gani?"

Alama ziko. Ndefu na fupi. Niliweka kidole juu ya ile fupi.

Lakini barua yako ilichelewa, na ile maneno ya "usipake kitu" ilifika wakati nimeshapaka. Nilipaka mawese. Usikasirike! Nilikwangua mavi yote na kijiko, nikasugua na limau na majivu, ikaanza kuonekana muti mwekundu, muzuri, nikasema huyu amekauka maskini, ana kiu. Nikamupa mawese, kikombe nzima. Ikangaa kama kichwa ya askofu. Asubuhi naamka, randa ni nyeusi. Nyeusi na inatembea! Sisimizi wa Ndosho nzima, wa kila avenue, wamekuja na familia zao. Nilikimbia nayo inje, naruka, napiga mikono yangu, na Muzee Sebahire juu ya kiti yake anasema, "Mukagasana, hiyo dansi ni ya kanisa gani?"

Nikaipeleka kwa Ruffin, fundi wa vitanda hapa chini. Ruffin akanusa. Akasema, "Mama, randa haikaangwe." Akacheka mupaka akaketi juu ya kitanda ya mutu. Lakini mikono yake iko na heshima. Aliifuta na mafuta ya taa, akaifunga katika nguo kavu wiki mbili, wadudu wakatoka. Chini aliinyoosha kwa kuisugua juu ya kioo na papyevere, ile karatasi ya muchanga, pole pole, anaangalia na jicho moja kama mwenye kupiga bunduki. Pembe ya mbele ameishonea kipande ya muti ya muvula, haionekane. Kona ya kushoto iko salama, ulale. Nilimwambia atengeneze na chuma mupya. Akasema anaweza kukata resori, ile springi ya gari. Kiisha akatia kidole ndani ya kinywa ya randa, akasema, "Mama, hii kinywa inajua chuma yake. Tafuta yake."

Kuko neno ingine. Rachid anasema maneno. Anasema ile wiki ya kilio alibeba kutoka Idjwi muzee moja wa botte za kijani, mupaka hapa port ya Goma. Watu wote wakashuka. Ule muzee akabaki amekaa juu ya mananasi, mukono ndani ya mufuko, macho kwa mulima. Mulima ilikuwa na ile wekundu yake juu. Wakashusha mananasi yote chini yake, moja moja, akabaki amekaa juu ya ubao. Akarudi nao.

Siulize, muramu. Nasema tu Rachid iko na mudomo.

Na kupanda boti, sipande. Weye unaogopa moto, mimi naogopa maji. Maji haina mulango, ukiingia utatokea wapi?

Mukagasana


Idjwi, 1 Juni 2024

Muramukazi,

Salamu. Mutoto anaitwa Niyitegeka. Jina ni refu, umechelewa kukemea.

Rachid ana mudomo kubwa kuliko boti yake.

Nakutumia chuma. Ilikuwa katika sanduku, sijui iliingia namna gani. Nimeinoa. Nimeifunga katika kitambaa nyeupe mupya juu isishike kutu kwa ziwa. Anaileta Kataliko, muzee wa kanisa yetu, na mwenzake. Hawajafika Goma hata siku moja, kwa hiyo wamevaa makoti. Wanabeba pia bidon ya kasiksi ya ndizi zetu, vingt litres, ni juu ya fundi Ruffin. Fundi hafanye kazi na koo kavu.

Mawese! Baba amegeuka ndani ya kaburi.

Havugimana


Ndosho, tarehe 9 ya mwezi wa sita, 2024

Havugimana, umefanya nini? Weye! Umefanya nini!

Salamu. Niyitegeka ni jina muzuri, nimekosa. Mapacha wameota meno. Maharage yangu ilipata mvua. Salamu imeisha, sasa sikiliza, na ukae kwanza.

Juzi nilikuwa kwa soko na maharage yangu. Hapa nyumbani hakuna mutu, ila Muzee Sebahire juu ya kiti yake, analinda kivuli. Anaona watu wawili wanaume, wazima, wana mvi, wana makoti, na jua vile inapiga! Wanasimama kwa kiingilio ya lupango, ile ua yangu, hawaingie. Mumoja amebeba bidon kichwani. Mwingine amebeba kitu na mikono mbili kama mutoto wa ubatizo. Wanasema, "Tunatafuta kwa Mama Mukagasana. Tunatoka kwa Muzee Havugimana." Sebahire anasema, "Mumebeba nini?" Wanafungua kitambaa. Nyeupe, mupya. Ndani yake chuma, imenolewa, inangaa.

Sasa weye, mutoto wa Rutshuru, niambie! Chuma mupya ndani ya kitambaa, pombe, wazee wawili wenye makoti, kwa mulango wa mwanamuke hana bwana. Wazee wetu, mutu mwenye hakuwa na ngombe alitumaka nini kwa kuposa? Jembe! Na jembe si chuma? Sebahire anasema ni miaka makumi ine hajaona posa ya jembe, alifikiri dunia ilishasahau. Machozi ikamutoka. Akaenda kuvaa kofia yake. Akarudi, akakohoa mara tatu, akaanza kuwapokea na luga ya kwetu Rutshuru, ile ya zamani, ya kusifu ngombe na mababu. Na Kataliko wako na mwenzake hawasikie hata neno! Walifikiri ndiyo vile watu wa Goma wanasalimia. Kiisha akauliza kwa Kiswahili, na kila alipouliza, walijibu ndiyo. "Munakuja na amani?" Ndiyo. "Mwenye kuwatuma ni mutu muzima, ana akili?" Ndiyo. "Ana nyumba?" Ndiyo, juu iko malata. "Na anamutaka huyu mama kweli?" Shakila alikuwa hapo, yeye ndiye shahidi wangu, anasema Kataliko alifikiri kidogo, kiisha akasema, "Ndiyo, aliinoa hiyo chuma siku tatu."

Siku tatu, muramu!

Mimi natoka soko, mugongo inauma, koo imekauka. Nakuta lupango imejaa watu. Wamama wanapiga vigelegele. Ruffin ameacha vitanda vyake. Sikuuliza kitu, unajua kiu yangu. Sebahire akaniletea kikombe ya kwanza, akashika na mikono mbili, akanyenyekea. Nikasema aksanti, nikakunywa yote. Yote! Kelele ikapanda mupaka kwa mulima! Nikasema, eh, hii arusi ni ya nani? Wakasema, "Ni yako!"

Kasiksi ikatokea kwa pua.

Nilicheka, muramu, nilicheka nikalala chini kwa majani, wakafikiri nimekufa kwa furaha. Nikawaambia, ninyi wajinga, hii ni chuma ya randa! Sebahire akajibu, "Jembe, randa, yote inalima." Nikamwambia sikukubali. Akasema, "Umekunywa." Nikamwambia nilikuwa na kiu. Akasema, "Wote wanakuwaka na kiu."

Sasa kazi iko kwa bidon. Sebahire anasema kama ninakataa, nirudishe bidon tupu, na Idjwi nzima itajua nimekutukana. Kama ninakubali, niijaze pombe ya mutama, nirudishe na kifuniko imefungwa. Tangu juzi natazama bidon, nayo inanitazama. Kataliko na mwenzake walirudi mikono mitupu, wanaimba.

Ujibu mbio. Ulituma nini?

Chuma imeingia ndani ya randa kama mutoto anarudi kwa mama. Lakini bila kabari haikae, inaanguka. Kabari iko wapi? Usiseme "kabari gani", nitakufa na kicheko.

Mukagasana


Idjwi, 3 Julai 2024

Muramukazi,

Salamu. Wote wazima. Niyitegeka anakohoa kidogo.

Nilituma chuma. Sikutuma posa. Shakila asome hiyo kwa sauti, Sebahire asikie.

Hapa Kataliko alitangaza kanisani. Watu walisimama wakanipa mikono. Sikuwaambia hapana, juu misa ilikuwa ingali inaendelea.

Kasiksi ilikuwa muzuri?

Kabari ninayo. Lakini kabari haitumwe. Ukiipiga sana inapasua mwili, ukiipiga kidogo chuma inaruka. Inataka mukono yenye kuijua. Mukono moja imezikwa.

Sasa na mimi nauliza, mara moja tu. Ile siku, kwa chukudu, nani alisema mulango? Nilimuuliza yaya barabarani, akaangalia chini, akasema, "Ni mimi." Yaya hakujua kusema uongo, masikio yake ilitetemeka. Miaka vingt-deux naona ile masikio.

Unijibu hiyo. Kiisha tutaona habari ya kabari.

Havugimana


Ndosho, tarehe 28 ya mwezi wa saba, 2024

Muramu wangu, salamu, na kikohozi ya mutoto ipone, mumupe asali na tangawizi, musimupe ile majani ya jirani. Mapacha wamejifunza kutambaa, mumoja anaenda mbele, mumoja anarudi nyuma, na wanakutana. Sebahire anakusalimia, anakuita bwana arusi, nimemukataza, amezidisha. Ruffin anauliza kabari kila siku. Kuku wa shingo tupu alishatotoa zile tano zamani, na angali anarudi kuangalia kama ya sita itatoka.

Barua yako imekaa hapa wiki tatu. Shakila alikuwa anapita kila jioni na kalamu, namuambia kesho. Mimi! Mimi mwenye kusema mupaka ndani ya usingizi! Shakila alifikiri ni malaria.

Bon. Shakila, andika hii pole pole.

Ni mimi.

Yaya wako alikuwa amelaza meza ya baba yenu juu ya chukudu, ameshaifunga kamba. Weye ulikuwa umeenda kuita watoto. Mimi nikakata kamba na kisu ya jikoni. Nikavuta mulango, nikailaza, nikalala juu yake, mikono huku na huku, kama Bwana Yesu. Nikamwambia, "Meza ni ya ninyi wawili. Hii ndiyo kitu moja ulitengeneza yenye hukuuzisha, ni yangu. Ukibeba meza, unaniacha hapa juu ya mulango, tuungue pamoja." Muramu, moto ilikuwa inasikika! Na ule mwanaume alifanya nini? Alicheka. Alisimama katikati ya barabara, majivu kwa nywele, anacheka na machozi. Akasema, "Shuka basi, niifunge na kamba." Kiisha akasema, "Havugimana akiuliza, ni mimi nilichagua. Mimi ni ndugu yake, atanikasirikia wiki moja. Weye atakukasirikia mupaka kufa."

Alihesabu wiki moja, maskini. Kila boti ilipofika kutoka Idjwi, alivaaka shati safi.

Umejua sasa. Kama ni kukasirika, ukasirikie mwenyewe. Kama kabari haitakuja, haitakuja, nitafungaka na kiuno. Kiuno iko na nguvu kuliko magoti.

Shakila anapangusa macho na barua. Shakila, wino itatoka! Mimi silie. Mimi nasikia mwepesi, kama mutu ameshusha gunia ya maharage kutoka mugongo, nasikia kucheka, sijui juu ya nini. Nilipaswa kusema hii tangu zamani. Unaona vile mutu anaatamia kitu ya kona miaka vingt-deux, anafikiri itatotoa?

Kuhusu bidon, siseme kitu. Iko hapa nyuma ya mulango, jiwe nilitupa. Siseme iko namna gani.

Ntirenganya alipenda kusema kwamba...

Ngoja. Sebahire anapiga kelele inje. Nini? ... Shakila, andika tu, nilikuambia kila kitu yenye kutoka mudomoni. Sebahire, sema na nguvu! ... Muzee gani? ... Anataka nani? ... Hasemi? ... Basi umuulize! ... Anafanya nini? Anapitisha kidole kwa mulango? Kwa pembeni, kutoka juu mupaka chini? ... Sebahire. Angalia miguu yake. Amevaa nini kwa miguu?

Kijani?

Yesu wangu. Angalia tena. Anatazama mulima? ... Ameipa mugongo. Anasema ameipa mugongo.

Kitambaa yangu iko wapi, ile ya maua? Hapana, si hiyo, hiyo ni ya maharage! Nani anasukuma? Muramu, usisukume! Haifunguke, kuko bidon! Shakila, acha, huwezi kuivuta peke yako, iko nzito, nilijaza juzi, mutama ya kwanza kabisa, usiandike hiyo. Umeandika? Unasikia vile anagonga? Anagonga na kabari, hiyo ni muti mugumu, naijua.

Nakuja! Usinivunjie mulango, Havugimana, nakuja, ngoja nishike bidon huku na Shakila ashike